Ufundi wa Kusema "Si Kansa"

Uvimbe mwingi unaoota mwilini mwa binadamu hauna neno. Kwenye tishu laini, yaani mafuta, misuli, mishipa na nyuzi zinazoshikanisha viungo, madaktari wa patholojia wanakadiria kwamba uvimbe usio wa kansa unauzidi ule wa kansa mara mia moja au zaidi. Hesabu hiyo ingetosha kumpa mtu usingizi, lakini mwenye uvimbe hajui kama yumo katika wale mia au ndiye yule mmoja. Mama anayeuza matooke sokoni Nakawa akigusa kifundo begani wakati wa kuoga, hesabu haimsaidii kitu. Anachotaka kusikia ni maneno mawili: si kansa.

Maneno hayo husemwa mara moja, na kwa kuwa yanaleta furaha, ni nadra mtu kuuliza yametoka wapi. Aliyekutwa na kansa humkumbuka daktari aliyeigundua. Aliyeambiwa hana hurudi nyumbani, akashukuru Mungu, akasahau. Nataka tuwatazame kwa utulivu watu wanaoyatengeneza maneno hayo Kampala, kwenye kilima cha Mulago na kwingineko mjini. Naamini kusema "si kansa" kwa uhakika ni kazi ngumu sawa na kuiona kansa yenyewe, na inastahili heshima ileile.

Katika mji huu maneno hayo yana historia nzito. Mwaka 1957, pale hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Burkitt aliwatafuta wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 akachapisha makala ya kwanza kuhusu ugonjwa ambao leo unabeba jina lake. Kwenye makala hiyo aliuita sarkoma, yaani saratani ya mifupa au tishu laini. Walioonyesha kwamba kumbe ni limfoma, saratani ya seli za kinga, ni watu wa hadubini wa Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, waliokaa na slaidi mpaka zikawaeleza. Kisha kuna sarkoma ya Kaposi, vinundu vya rangi ya zambarau vinavyotokea mara nyingi miguuni. Ilikuwa ya kawaida Uganda kiasi kwamba mwaka 1961 wataalamu wa dunia walikutana Kampala kuijadili, miaka ishirini kabla ya UKIMWI kujulikana. UKIMWI ulipofika, Kaposi ikaongezeka maradufu na zaidi.

Kwa hiyo tabibu wa Kampala anapoletewa kinundu chekundu mguuni, hana ruhusa ya kukipuuza. Kinaweza kuwa mkusanyiko wa mishipa ya damu usio na madhara. Kinaweza kuwa kinyama kilichoota juu ya jeraha dogo, kinachovuja damu kwa urahisi na kumtisha mwenyewe bure. Kinaweza kuwa kovu lililokomaa chini ya ngozi. Kinaweza pia kuwa Kaposi. Kwa macho matupu, vinne hivi vinaweza kufanana. Njia ya uhakika ni kukitoa au kukata kipande chake, kile ambacho wagonjwa wetu wanakiita kinyama, na kukipeleka maabara.

Tuchukue mfano wa uvimbe wa kawaida kuliko wote, lipoma, uvimbe wa mafuta. Mpasuaji anachana ngozi, anaingiza kidole kuzunguka, na donge la njano linatoka zima na utando wake mwembamba. Kazi ya maabara huanzia hapo hapo, mezani pa upasuaji, kwa kuwa kinyama huanza kuharibika dakika kinapotengwa na damu. Kinatakiwa kitumbukizwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, inayokizidi ujazo mara kumi, ndani ya chupa yenye mdomo mpana. Fomalini huingia ndani ya nyama polepole sana, kiasi cha milimita moja kwa saa au pungufu. Donge kubwa likisokomezwa kwenye kichupa chembamba, nje yake itakuwa imehifadhika vizuri na katikati imeoza, na katikati hapo ndipo jibu lingeweza kuwa. Anayejua kazi hulipasua donge kubwa mara moja au mbili ili dawa ifike ndani.

Pamoja na chupa huenda karatasi. Umri, jinsia, mahali pa uvimbe, kina chake, umekaa muda gani, unakua au umetulia, kuna mwingine mwilini, kuna ndugu mwenye hali kama hiyo. Karatasi iliyoandikwa neno "uvimbe" na sahihi tu humfunga macho anayesubiri upande wa pili. Donge la mafuta la sentimita tatu chini ya ngozi ya mgongo na donge la sentimita kumi na tano ndani ya paja, chini ya misuli, yanaweza kuonekana mamoja ndani ya chupa. Kwa daktari wa patholojia ni habari mbili tofauti kabisa.

Maabarani, daktari hulipima donge, hulichora pembeni kwa wino ili baadaye ajue ukingo uko wapi, kisha hulikata vipande vyembamba. Hapa macho na vidole tayari vinafanya kazi. Mafuta ya lipoma ni ya njano, laini, yamegawanyika vifundo vifundo. Mahali penye ugumu, penye weupe, penye utelezi wa kamasi, kisu kinasimama na kipande kinachukuliwa. Vipande hivyo vinawekwa kwenye vikasha vidogo vya plastiki vyenye matundu, na usiku kucha vinapitishwa kwenye alkoholi iliyozidishwa ukali hatua kwa hatua hadi maji yote yatoke, halafu kwenye zaileni hadi alkoholi itoke, halafu kwenye nta iliyoyeyuka, yenye joto la karibu nyuzi 60, hadi nta ichukue nafasi ya kila kilichoondoka. Umeme ukikatika katikati ya safari hiyo, fundi anayelinda kazi yake hurudi kuangalia kila kikasha kimefika wapi, kwa sababu kinyama kilichorukishwa hatua hakitibiki asubuhi.

Mafuta ndiyo yanayompima fundi kweli. Ni mazito kupenyeka. Akiharakisha, kipande kinabaki laini katikati na wembe ukipita unakichana. Tena alkoholi na zaileni huyayeyusha mafuta yenyewe yakaenda na maji ya kuoshea. Lipoma inapofika chini ya hadubini, mafuta hayamo tena! Kilichobaki ni kuta za seli zilizokuwa zimeyabeba, duara tupu kando ya duara tupu, wavu wa mvuvi uliotandazwa juu ya kioo. Daktari anasoma uvimbe wa mafuta kwa kuangalia mahali mafuta yalipokuwa.

Kabla ya hapo kuna mkono wa fundi kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba. Kibonge cha nta chenye kinyama ndani hukipoza juu ya barafu ili kigande, hukifunga kwenye mashine, hulegeza bega, na kuzungusha gurudumu kwa mwendo mmoja usiobadilika. Kila mzunguko wembe unaparuza unene wa sehemu nne za elfu moja ya milimita, yaani unene ulio pungufu ya upana wa chembe moja nyekundu ya damu. Vipande vinatoka vimeshikana, utepe mwembamba unaopeperuka kwa pumzi, na ndiyo maana anayekata hupumua pembeni. Kwa brashi na kibanio anaulaza utepe juu ya maji ya uvuguvugu. Nta inajinyoosha, mikunjo inaisha. Kipande cha misuli kinamvumilia, kinaelea na kumsubiri. Kipande cha mafuta hakisubiri: kinatanuka mara moja na kuanza kuachana, kwa hiyo inambidi aingize kioo chini yake kwa mshazari na kukinyanyua kabla hakijasambaratika, bila kukunja na bila kunasa hewa. Fundi mzoefu hufanya hivyo huku akijibu salamu ya mtu aliyeingia mlangoni. Mwanafunzi anaweza kuharibu kibonge kizima, na kibonge cha mgonjwa huyo hakina mbadala.

Kisha rangi. Kwa zaidi ya karne moja maabara za dunia zimetumia rangi mbili zilezile. Hematoksilini hutolewa kwenye moyo wa mti unaoota Mexico na Amerika ya Kati, na hushika viini vya seli. Ikitoka kwenye chombo chake ni nyekundu ya zambarau. Kioo kinapooshwa kwa maji yenye magadi kidogo, mara nyingi maji ya bomba tu, inageuka samawati mbele ya macho. Eosini hufuata na kuipaka waridi sehemu iliyobaki. Fundi anayaonja maji kwa macho: yakibadilika msimu wa mvua, rangi nayo inabadilika, naye anaongeza au kupunguza dakika. Mambo haya hayakai kwenye mwongozo wa mashine. Hukaa kwa mtu, na hurithiwa kwa kusimama karibu naye.

Baada ya yote haya slaidi inawekwa mbele ya daktari wa patholojia, na hapo watu wengi hudhani anakimbilia kukuza picha. Aliyefunzwa vizuri huanza na lenzi inayokuza kidogo kabisa. Anatazama ukingo kwanza: uvimbe umesukuma majirani zake kwa ustaarabu au umewaingilia? Anatazama mpangilio, wingi wa seli, mahali palipokufa. Ndipo anasogea ndani. Kwenye uvimbe wa mafuta, anachokihofia ni liposarkoma ya daraja la chini, kansa ambayo karibu yote inafanana na mafuta ya kawaida. Ushahidi wake unaweza kuwa viini vichache tu, vikubwa, vyeusi, vyenye umbo baya, vimejificha kwenye nyuzi zinazogawa vifundo vya mafuta. Asipovikuta kwenye slaidi ya kwanza hatangazi ushindi. Anarudi kwenye donge, anakata vipande vingine, anazifuata nyuzi moja moja, hasa kama donge lilitoka ndani ya paja au nyuma ya tumbo. Kuna kipimo cha jeni kinachosaidia kuamua, lakini ni cha ghali. Pasipo kipimo hicho, kinachobaki ni wingi wa vipande na uvumilivu wa macho.

Uvimbe wa mishipa ya fahamu unaonyesha zaidi jinsi fundi wa hadubini na fundi wa kisu wanavyotegemeana. Kuna aina mbili kuu zisizo za kansa. Ya kwanza, shwanoma, huota kutoka kwenye ala inayovika mshipa, nayo huusukuma mshipa pembeni. Chini ya hadubini kuna sehemu ambako viini vimejipanga safu mbili zinazotazamana, katikati pameachwa wazi. Umbo hilo linaitwa kwa jina la José Verocay, mzaliwa wa Uruguay aliyelieleza mwaka 1910. Ya pili, nyurofibroma, haina utaratibu huo. Seli zake zina viini vyembamba vilivyopindapinda, zimetawanyika kati ya nyuzi, na mshipa wenyewe unapita katikati ya uvimbe, umesambaa ndani yake.

Tofauti hii mpasuaji huihisi mkononi. Uvimbe wa mshipa wa fahamu ukiushika unakwenda kulia na kushoto, lakini haukubali kwenda juu na chini kufuata urefu wa mshipa. Kwa hiyo huuchana utando kwa kufuata mkondo wa nyuzi, hapigi mkato wa kuvuka. Ikiwa ni shwanoma, polepole atazisogeza nyuzi nzima nzima na kuubanjua uvimbe, na mgonjwa ataamka vidole vikicheza. Ikiwa ni nyurofibroma ya mshipa mkubwa, hakuna njia ya kuung'oa wote bila kuukata mshipa. Mpasuaji mwenye busara hapo huchukua kipande, hufunga jeraha, na kumweleza mgonjwa kwa nini ameacha. Kuacha kwa wakati ni sehemu ya ufundi. Hata kovu la keloidi, ambalo Waafrika tunalijua sana, linatufunza hivyo: likikatwa tu bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi, na pengine kubwa kuliko la kwanza.

Mikono hii ya Kampala ina ukoo. Albert Cook alifika mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya misheni Mengo, juu ya kilima cha Namirembe, na tangu mwanzo aliandika habari za wagonjwa wake kwa utaratibu na kuzitunza. Mwaka 1964, jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchambuzi wa saratani katika kumbukumbu hizo za Mengo kuanzia 1897 hadi 1956. Miongoni mwa waliouandika, pamoja na Davies na Michael Hutt, walikuwamo Raphael Owor wa Uganda, aliyekuja kuwa profesa wa patholojia Chuo Kikuu cha Makerere, na mwenzao Mtimavalye. Waliweza kusoma miaka sitini nyuma kwa sababu kuna mtu aliyeandika vizuri bila kujua nani atakuja kusoma.

Davies ndiye aliyeianzisha rejista ya saratani ya Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikihesabu wagonjwa wa kaunti ya Kyadondo, na ni mojawapo ya rejista kongwe barani Afrika. Hutt, aliyekuwa profesa wa patholojia Makerere katika miaka ya 1960, alijenga huduma ya kupokea vinyama kutoka hospitali za serikali na za misheni kote Uganda. Daktari wa wilayani, peke yake kati ya wagonjwa mia, aliweza kufunga kichupa, kukituma Kampala, na kupata jibu lenye sahihi. Kutokana na vichupa hivyo kilipatikana kitabu kuhusu uvimbe wa kila aina nchini Uganda kati ya 1964 na 1968, kilichohaririwa na A. C. Templeton na kuchapishwa mwaka 1973. Kilipotoka, Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, wataalamu wengi wa kigeni walikwisha kuondoka, na rejista ilifika mahali ikasimama. Ilihuishwa baadaye, na Henry Wabinga, mwanapatholojia wa Makerere, alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Vifaa viliharibika, fedha zikaisha, lakini ufundi ulikuwa umeshahamia kwenye mikono ya Waganda na majirani zao, na kutoka hapo haukufukuzika.

Jambo moja linanigusa katika historia hiyo. Rejista ya saratani huhesabu saratani, kama inavyopasa. Lipoma haimo, shwanoma ya mkononi haimo, kinundu cha damu kilichothibitishwa kuwa si Kaposi hakimo. Sehemu kubwa ya jasho la maabara, kile kisu kilichotulia, zile nyuzi zilizofuatwa moja moja, huishia kwenye daftari la maabara na kwenye usingizi wa mtu mmoja aliyekuwa na hofu. Dunia ina takwimu za wagonjwa. Waliotolewa hofu kwa kazi ileile hawana jedwali.

Lakini kuna uvimbe usio wa kansa ambao habari yake haiishii kwa mgonjwa mmoja. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi msomaji wa slaidi, kwa sababu anatakiwa aone mbali kuliko kioo alichopewa. Nyurofibroma moja kwa mtu mzima kwa kawaida ni tukio la peke yake. Zikiwa nyingi, au ikiwa ni ile inayosambaa ndani ya matawi ya mshipa na kujikunja chini ya ngozi kwa nyuzi nene zinazohisika kidoleni, jibu zuri halikomi kwenye jina la uvimbe. Linaongeza mstari: mchunguze mgonjwa ngozi yote, ulizia familia.

Mstari huo unaelekeza kwenye ugonjwa ambao Mjerumani Friedrich von Recklinghausen aliueleza mwaka 1882, unaoitwa nyurofibromatosi aina ya kwanza. Huwapata watu wa kila taifa, kama mmoja katika kila elfu tatu. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 17 na iligunduliwa mwaka 1990. Kazi yake ni kutengeneza protini inayozuia seli zisigawanyike ovyo. Ikiharibika, mabaka ya kahawia hujitokeza tangu utotoni, kwa kawaida sita au zaidi, kisha madoa madogo makwapani na kinenani, vidoa kwenye sehemu ya jicho yenye rangi, na baadaye vinundu laini vinavyoongezeka kwa umri. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo hayapigi kelele. Tabibu humsogeza mtoto dirishani, kwenye mwanga wa jua, anamwinua mikono, anatazama kwapa. Hiyo nayo ni kazi ya ustadi, na haihitaji mashine.

Mama aliyemleta mtoto mara nyingi ameshabeba lawama za ukoo mzima kabla hajafika kliniki. Humwita daktari musawo, naye huitwa nnyabo, yaani bibi.

"Musawo, wanasema nilikanyaga kitu nikiwa na mimba."

"Hapana, nnyabo. Hukukanyaga kitu, na hakuna aliyekuroga. Ni jeni iliyobadilika. Inaweza kutoka kwa baba, kwa mama, au ikaanza kwa mtoto mwenyewe."

Jibu hilo lina sayansi kamili ndani yake. Karibu nusu ya wenye ugonjwa huu ni wa kwanza katika familia zao. Badiliko lilitokea kwao bila kurithiwa. Wao wenyewe wakizaa, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Ndani ya nyumba moja unaweza kuonekana kwa sura mbili: baba ana mabaka tu, mwana amevimba kope na shavu. Kwa hiyo daktari huomba kumwona baba pia, na babu kama yupo, naye huwatazama bila kuwaaibisha.

Vinundu vingi vya ugonjwa huu havigeuki kansa. Hata hivyo kama mtu mmoja katika kila kumi wenye ugonjwa huo hupata kansa ya mshipa wa fahamu katika maisha yake. Dalili zinajulikana: kinundu kilichotulia miaka kinapoanza kukua haraka, kuuma usiku, au kuwa kigumu. Mgonjwa akifundishwa dalili hizo tatu, yeye mwenyewe anakuwa mlinzi wa kwanza. Kupima presha kila anapokuja, kumtazama mtoto macho na uti wa mgongo, ni mambo ya gharama ndogo. Kuna dawa, selumetinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto wenye uvimbe unaosambaa usioweza kukatwa. Huupunguza kwa wengi wao, ila bei yake iko mbali na uwezo wa familia nyingi. Kwa mgonjwa wa Kampala, msaada mkubwa bado ni kisu cha uangalifu. Hospitali ya CoRSU, Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, inajulikana kwa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na kumpunguzia kijana uzito unaomfunika jicho humrudisha darasani na sokoni, hata kama ugonjwa wenyewe unabaki.

Mfano mwingine ni mgumu zaidi kuunasa. Kijana anapasuliwa donge gumu kwenye ukuta wa tumbo. Slaidi inaonyesha nyuzi na seli nyembamba zilizolala mkondo mmoja, zikijipenyeza kwenye misuli. Ni desmoidi: haisafiri kwenda mapafuni wala ini, lakini hula majirani na hurudi ikikatwa. Nyingi hutokea zenyewe. Chache ni ishara ya ugonjwa uliofuatiliwa na Eldon Gardner katika familia moja ya Utah, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambapo desmoidi, uvimbe wa mfupa wa taya na vifuko vya ngozi huandamana na mamia ya vinyama ndani ya utumbo mpana. Jeni iko kwenye kromosomu ya 5. Utumbo ukiachwa, kansa karibu haina budi kutokea, mara nyingi kabla ya mtu kumaliza miaka yake ya arobaini. Burkitt alipokuwa Kampala aliona kwamba vinyama vya utumbo na kansa yake ni nadra kwa wagonjwa wake, na jambo hilo lilichangia kumfanya baadaye ahubiri dunia nzima kuhusu chakula chenye nyuzi. Katika nchi ambako ugonjwa ni nadra, ni rahisi kuusahau. Daktari anayeona desmoidi ya tumboni na kuandika "utumbo mpana uchunguzwe, na ndugu zake pia" anaweza kuwa ameokoa watu ambao hawajawahi kuingia hospitali.

Ustadi huohuo hujua pia kutotisha. Mtu mwenye lipoma kumi na mbili mikononi, ambaye mjomba wake anazo na babu alikuwa nazo, kwa kawaida ana urithi wa vifundo vya mafuta na hana zaidi ya hapo. Haambiwi habari za kromosomu ili aondoke akitetemeka. Anaambiwa ajulishe kimoja kikianza kukua, kikivuka sentimita tano, kikiuma au kikizama chini ya misuli, na vingine aviache.

Ninalowaomba wanaohusika ni machache. Wapasuaji, kila kinachotolewa mwilini kipelekwe maabara, hata kile kinachoonekana cha kawaida, na karatasi ijazwe yote. Wagonjwa, mkitolewa kinyama ulizeni kimepelekwa wapi, na mrudi kuchukua jibu. Wizara na vyuo, mafundi wa maabara walipwe na wafundishwe kwa hadhi ya kazi wanayoifanya, kwa kuwa daktari wa patholojia hawezi kuona ambacho wembe umeharibu. Na wewe uliyelipia kipimo ukaambiwa huna kansa, usihesabu fedha hiyo kuwa imepotea. Imelipa jicho lililotafuta ubaya kila mahali, likarudia tena, na ndipo likakubali kuandika kwamba haupo.